Saba na Kumi na Tatu: Kiswahili katika Muziki wa Kundi la Kronos

Wahakiki wetu wamezoea kuitafuta nafasi ya Kiswahili katika riwaya, tamthilia na tenzi. Makala haya yanakusudia kuitazama mahali pasipozoeleka: vinywani mwa wapiga fidla wa Marekani.

Kundi la Kronos Quartet, lenye fidla mbili, viola na cello, lilianzishwa na David Harrington mjini Seattle mwaka 1973. Kilichomsukuma ni utungo alioupata redioni, Black Angels wa George Crumb. Crumb aliuwekea tarehe ya Ijumaa, 13 Machi 1970, akaongeza kwa Kilatini kwamba ulitungwa wakati wa vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya Vietnam. Vyombo vya nyuzi vinatiwa umeme. Wapigaji hugonga upatu, hupitisha nyuta zao juu ya midomo ya bilauri, hunong'ona na kupiga kelele. Tena huhesabu. Huhesabu kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani na Kiswahili.

Hapo ndipo sisi tunapoingia, na ndipo swali linapozuka. Je, Kiswahili humo ni lugha, au ni sauti tu?

Kwa msikilizaji wa ukumbi wa Ulaya au Marekani, jibu ni jepesi. Hafahamu kinachosemwa, naye hatakiwi kufahamu. Hesabu inamjia kama uganga wa watu wa mbali, na kutofahamu kwake ni sehemu ya hofu aliyoitaka mtunzi. Lakini mtu wa Lamu akiketi ukumbini humo, fumbo linamwondokea mara moja. Anasikia hesabu, ile ile ya sokoni na ya watoto wanaocheza. Utungo mmoja umekuwa tungo mbili, na sidhani kwamba mtunzi alimwandalia kiti msikilizaji huyu wa pili.

Hata hivyo, tusiharakishe kumlaumu. Utungo wote umejengwa juu ya namba mbili, 7 na 13, na namba hizo katika Kiswahili zina historia ambayo ingemfurahisha. Saba ni neno la asili ya Kiarabu, kama sita na tisa. Neno la kale la Kibantu halikufa: limejificha katika fungate, zile siku saba za arusi, ambazo wengi huzitaja bila kujua kuwa wanahesabu. Kumi na tatu nayo iliwahi kuwa na mshindani wake wa Kiarabu, thelatashara, anayekutwa bado katika maandishi ya zamani ya pwani. Kila moja ya namba mbili za Crumb, basi, ina majina mawili kwetu. Tofauti ni kwamba saba yetu ni namba ya furaha na ibada, na nuksi ya kumi na tatu ni urithi wa Wazungu. Mzee wa pwani aliyetaka kujua siku mbaya alitazama falaki. Namba zimetafsiriwa, lakini kivuli chake kimebaki Ulaya. Huu ndio upungufu ninaouona, nao ni wa maana kuliko suala la matamshi.

Kronos waliurekodi utungo huu katika sahani ya mwaka 1990. Miaka miwili baadaye walitoa Pieces of Africa, na hapo mambo yakabadilika. Sasa Mwafrika haazimwi sauti; yeye ndiye mtunzi. Wamo Hamza El Din, Mnubi, na Dumisani Maraire wa Zimbabwe, aliyepiga ngoma pamoja nao. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki aliye muhimu zaidi ni Justinian Tamusuza wa Uganda, na utungo wake Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Jina hilo la Kiganda halikufichwa nyuma ya tafsiri. Ni njia ya msalaba, na omusaalaba ni jamaa wa wazi wa msalaba wetu. Msingi wa muziki huo ni wa Kiganda, umewekwa mikononi mwa vyombo vya kigeni; na mtu asiyejua Kiganda ndiye anayeachiwa kazi ya kuuliza.

Jina la sahani silipendi. Kuwakusanya Mnubi, Mganda na Mzimbabwe chini ya "vipande vya Afrika" ni kufanya bara zima kuwa jungu moja lililovunjika. Lakini tofauti ya misingi ni kubwa. Kwa Crumb, lugha yetu inatumika kwa sababu haieleweki. Kwa Tamusuza, lugha inatangulia na muziki unaifuata. Wala tusidai kwamba fidla ni ngeni kwetu kiasi cha kutuzuia kuhukumu: wapiga taarabu wa Unguja wameishika kwa miaka mingi, nao hawakumwomba mtu ruhusa.

Mwaka 2024 John Sherba na Hank Dutt, waliokuwamo kundini tangu miaka ya 1970, walistaafu. Waliowarithi watakapoupiga utungo wa Crumb watalazimika nao kujifunza kuhesabu. Naona inafaa mmoja wetu awaandikie, kwa adabu, kwamba katika saba mkazo u juu ya silabi ya kwanza, na katika kumi na tatu mkazo mkuu u juu ya silabi ya kwanza ya tatu, hata kwa mnong'ono.