Karatasi Kama Sehemu ya Matini: Uchapaji na Uhakiki wa Vitabu vya Katuni

Watafiti wa katuni za Kiswahili wamezoea kuuliza maswali mawili: mchoro unasema nini, na maneno yaliyomo kwenye viputo ni lugha ya nani. Maswali hayo yamezaa matunda. Kazi za Rose Marie Beck na Jigal Beez, kwa kutaja mbili tu, zimeonyesha kwamba katuni za magazeti na majarida ya Afrika Mashariki zinastahili usomaji wa makini sawa na ule unaopewa riwaya na tamthilia. Hata hivyo, lipo swali la tatu ambalo aghalabu huachwa mlangoni: katuni hiyo ilichapwa juu ya karatasi gani, kwa wino gani, na msomaji wa leo anaisoma katika umbo lipi? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo si la mafundi wa kiwandani wala la wakusanyaji wa vitabu adimu pekee. Karatasi na uchapaji huingia ndani ya matini na kuathiri maana yake. Mara nyingine humpa mchapishaji au msanii mwenyewe fursa ya kuibadili matini kimyakimya. Anayenukuu katuni bila kujali ananukuu toleo lipi yumo hatarini kukihakiki kitabu ambacho wasomaji wake wa kwanza hawakukiona.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Marekani. Hulk, lile jitu ambalo hata asiyesoma katuni hulitambua kwa ukijani wake, lilizaliwa likiwa la kijivu. Ndivyo lilivyotokea katika toleo la kwanza la jarida la *The Incredible Hulk*, lenye tarehe ya Mei 1962, lililoandikwa na Stan Lee, kuchorwa na Jack Kirby na kupakwa rangi na Stan Goldberg. Kijivu hicho hakikutulia mashineni. Katika ukurasa mmoja kilitoka hafifu, katika mwingine kikakaribia weusi, na penginepo kikaelekea ukijani. Toleo la pili lilipotoka, jitu lilikuwa la kijani. Baadaye, hadithi ile ya kwanza ilipochapwa tena, kwa miaka mingi jitu lilipakwa kijani humo pia, ili chanzo kifanane na kile kilichokifuata. Ilipofika 1986 waandishi waliurudisha ukijivu ndani ya simulizi yenyewe, safari hii kama nafsi nyingine ya mhusika yuleyule. Kasoro ya wino imekuwa sifa ya mhusika. Sifa ikafuta asili yake. Kisha asili ikarejeshwa na kugeuzwa kuwa tukio la hadithi. Mhakiki anayesaka maana ya ukijani wa Hulk katika saikolojia ya hasira au katika hofu ya mionzi ya nyuklia hana budi kukumbuka kwamba rangi hiyo iliingia kwa mlango wa mtambo wa kuchapia.

Kwa nini kijivu kilishindikana? Majarida ya katuni ya Marekani ya wakati ule yalichapwa kwa wino wa aina nne: buluu, nyekundu, njano na nyeusi. Weusi ulibeba mistari na maneno. Rangi nyingine zote zilipatikana kwa kupishanisha vitone vya zile tatu, kila moja ikiwa na ngazi chache tu: robo, nusu na kamili, au isiwepo kabisa. Ngazi nne kwa kila wino, kwa wino tatu, hutoa michanganyiko 64, na hilo ndilo lililokuwa kapu zima la mpaka rangi. Kijivu kilichotengenezwa kwa vitone hivyo kilihitaji wino zote tatu zikae kwa mizani kamili. Karatasi ya gazeti haina mizani hiyo. Hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa kwa mitambo bila kuondolewa lignini. Ni nyepesi, ina vinyweleo, hunywa wino na kuutawanya. Haijawa nyeupe hata siku inapotoka kiwandani, na kila inapopigwa na mwanga na hewa huzidi kuwa ya manjano. Kwa hiyo mpaka rangi aliyeijua kazi yake hakuichagua nyekundu ile aliyoiona mezani. Aliichagua nyekundu ambayo, baada ya kunywewa na karatasi, ingebaki na nguvu ya kutosha. Ukali wa rangi zake ulikuwa hesabu ya hasara itakayotokea njiani.

Hapo ndipo matoleo mapya ya kifahari yanapoleta utata. Rangi zilezile zikihamishiwa kwenye karatasi nyeupe yenye kung'aa, isiyonywa wino, ile hasara iliyokuwa imekwisha kuhesabiwa haitokei tena, na ukurasa hupiga kelele. Msomaji mgeni huhitimisha kwamba wachoraji wa zamani hawakuwa na ladha. Baadhi ya wachapishaji hulikwepa tatizo hilo kwa kupaka rangi upya kwa kompyuta, lakini dawa hiyo nayo ina gharama yake. *The Killing Joke*, kazi ya Alan Moore na Brian Bolland ya mwaka 1988, ilipakwa rangi na John Higgins kwa machungwa, zambarau na manjano kali. Mwaka 2008 Bolland mwenyewe aliipaka upya. Rangi zikapoa, na zile kurasa zinazosimulia maisha ya awali ya Joker, ambazo katika toleo la Higgins zina rangi kama dunia nyingine yoyote, zikawa karibu hazina rangi, isipokuwa vitu vichache vyekundu vinavyojitokeza humo kama vidonda.

Tofauti hii si ya urembo. Katika toleo la 1988 msomaji hapewi ishara ya kumtenganishia kumbukumbu na hali ya sasa, ilhali hadithi yenyewe inamwonyesha mhusika asiyeamini kumbukumbu zake. Toleo la 2008 linamfanyia msomaji kazi hiyo: yaliyopita yamewekwa upande mmoja, ya sasa upande mwingine, na wekundu unamwonyesha njia kutoka huku kwenda kule. Huenda Bolland alikuwa na haki ya kusema kwamba hivi ndivyo alivyokusudia. Lakini makusudio ya mchoraji ni jambo moja, na kitabu walichokisoma watu kwa miaka 20 ni jambo lingine. Tasnifu inayojadili kumbukumbu katika kazi hiyo bila kutaja toleo imejengwa juu ya mchanga.

Uhaba wa karatasi unaweza kufanya makubwa zaidi, na kisa cha *Tintin au Congo* cha Hergé kinawahusu wasomaji wa jarida hili kwa karibu, kwa kuwa ni picha ya Kongo iliyochorwa Brussels na kusambazwa duniani. Hadithi hiyo ilitoka kwanza kwa mfululizo katika *Le Petit Vingtième* kuanzia Juni 1930 hadi Juni 1931, nyeusi na nyeupe, kisha ikawa kitabu cha kurasa 110. Wakati wa vita vya pili vya dunia karatasi ilipokuwa adimu, mchapishaji Casterman alimtaka Hergé abane vitabu vyake viingie katika kurasa 64, yaani karatasi nne kubwa zinazokunjwa na kutoa kurasa 16 kila moja. Ukiondoa kurasa za mwanzo, zilibaki 62 za hadithi. Kilichopungua kwa wingi wa kurasa kilifidiwa kwa rangi na kwa kusongamanisha fremu: safu tatu za ukurasa wa awali zikawa nne. Kipimo hicho cha 62, kilichozaliwa na dhiki, ndicho kilichokuja kuwa desturi ya vitabu vya Tintin, na vizazi vya wasomaji vikakiona kama umbo la asili la sanaa hiyo.

Ili Kongo iingie katika kipimo kipya ilibidi ichorwe upya, na toleo la rangi likatoka mwaka 1946. Katika toleo la awali kuna fremu ambayo Tintin, akiwa amesimama mbele ya wanafunzi Waafrika, anawafundisha kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo limekuwa hesabu. Ubao uleule, mwalimu yuleyule, wanafunzi walewale. Itikadi imefutwa kwa chaki. Hakuna sheria iliyomlazimisha Hergé kubadili fremu hiyo wala mjadala wa hadhara uliotangulia. Mabadiliko yalipita katika kazi iliyokuwa na sababu nyingine kabisa, ile ya kubana karatasi na kutia rangi, na kwa sababu hiyo yalipita bila kelele. Anayelisoma toleo la rangi anakutana na ukoloni uliokwisha kunawa mikono. Michoro ya kuwadhalilisha Waafrika imebaki, na ndiyo inayolalamikiwa hadi leo. Lakini lile tamko la wazi la umiliki, ambalo lingempa mhakiki ushahidi ulio mzito kuliko midomo minene iliyochorwa kwa dhihaka, halimo. Kumhakiki Hergé kwa toleo la 1946 peke yake ni kumsamehe nusu ya kosa bila kujua.

Katuni za Kiswahili zina hali tofauti kidogo, na kwa namna fulani ngumu zaidi. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la *Uhuru*, Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika jarida la *Sani*, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika *Taifa Leo*: wote walizaliwa juu ya karatasi ya gazeti, na wengi wao hawajapata kamwe toleo la kifahari la kuwaharibu au kuwaokoa. Nakala ya kwanza ndiyo nakala ya mwisho, na nakala hiyo inakauka na kuvunjika kingoni. Karatasi ya gazeti kwetu ina maisha ya pili yanayojulikana na kila mtu: hufungia karanga na maandazi. Kilichosalia mikononi mwa watafiti ni majalada ya maktaba, fotokopi za fotokopi, na picha zilizopigwa kwa simu.

Umbo hilo la karatasi lina athari ya kiisimu ambayo haijapewa nafasi inayostahili. Wino unaotawanyika huziba matundu ya herufi kama A na B, hivyo mwandishi wa viputo hana ruhusa ya kupunguza herufi kupita kiasi. Kiswahili nacho hubeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. Neno kama *hawakutusikiliza* lina herufi 16 na halina mwanya wa kupumulia. Kiingereza kingelisema jambo hilo kwa maneno matano mafupi yanayoweza kushuka mstari mmoja baada ya mwingine katika kiputo chembamba. Mchoraji wa Kiswahili ana njia tatu: akate neno kwa kistari, apanue kiputo kimeze picha, au atafute usemi mfupi zaidi. Njia ya tatu ndiyo yenye mvuto kwa mwanaisimu. Inafaa kuuliza ni kiasi gani cha vihisishi, vitenzi vya amri na misemo ya mitaani inayosifiwa kuwa alama ya lugha ya katuni kinatokana na mwigo wa usemi wa vijana, na ni kiasi gani kinatokana na upana wa safu ya gazeti. Ulinganisho ungewezekana. *Shujaaz*, lililoanza Kenya mwaka 2010 na kugawiwa bure likiwa ndani ya gazeti la *Daily Nation*, lina kurasa zake lenyewe na rangi kamili, na Boyie anazungumza Sheng kwa nafasi ambayo mhusika wa safu moja ya gazeti hakuwahi kuipata. Kulinganisha Sheng yake na lugha ya wahusika wa magazeti bila kuhesabu sentimita ni kulinganisha mavazi bila kuuliza vitambaa vilikuwa na ukubwa gani.

Si haki kuigeuza karatasi duni kuwa fadhila. Wanaoililia harufu ya gazeti kuukuu mara nyingi ni wale wenye maktaba yenye kiyoyozi. Mtoto aliyeshindwa kusoma kiputo kwa sababu wino ulivuja hakupata uhalisi wowote, alipoteza hadithi. Mchapishaji atakayewatoa Chakubanga au Lodi Lofa kwa karatasi bora atakuwa ametenda jambo la kushukuriwa. Shida ipo katika hatua inayotangulia uchapishaji huo, yaani pale kurasa za zamani zinapopigwa skani. Programu za kusafisha picha huondoa umanjano, hufuta kivuli cha ukurasa wa nyuma kinachoonekana kwa mbele, hunyoosha mistari iliyovimba na kugeuza kila kijivu kuwa ama cheusi ama cheupe. Kijivu kilichotokana na wino hafifu hupotea pamoja na kijivu alichokikusudia mchoraji, kwa kuwa mashine haijui tofauti yao. Mara nyingi fremu za katuni hukatwa na kuhifadhiwa peke yake, huku tangazo la sabuni lililokuwa pembeni, bei ya gazeti na tarehe vikitupwa. Ukurasa mzima, ukiwa mchafu ulivyo na wenye rangi zake zote, hauhitaji ila nafasi kubwa kidogo zaidi ya kuuhifadhi. Nakala iliyosafishwa inaweza kutolewa humo wakati wowote, ilhali iliyosafishwa haiwezi kurudishiwa ilichopoteza.