Rojo la Hilo

Asiyeijua loco moco huidharau. Wali chini, nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kubanwa bapa juu yake, yai la kukaanga, na rojo la kahawia lililotapakaa kote. Kwa macho ni chakula cha kukusanya vilivyobaki jikoni. Keti basi kwenye kaunta ya mkahawa mzuri wa mji wa Hilo, katika kisiwa cha Hawaii, utazame mikono ya mpishi badala ya kutazama sahani. Vitu ni vinne tu, na hakuna kimoja kinachojitosheleza. Kila kimoja kimepikwa kwa kukisia vile vitatu vingine.

Wali wenyewe ndio msingi wa hesabu hiyo. Kwetu pwani tunamsifu mpishi ambaye wali wake unachambuka, punje mbalimbali, ukinukia nazi na chumvi yake imekolea. Wali wa Hawaii ni wa punje za wastani, zinazoshikana, na hupikwa kwa maji matupu: hauna chumvi, hauna mafuta, hauna nazi. Ni desturi waliyokuja nayo Wajapani walioletwa kwa mikataba kukata miwa kuanzia mwaka 1885. Wali wa namna hiyo haudai sifa, ila unaweza kupokea mchuzi mzito bila kusambaratika. Mpishi huuchota kwa kijiko cha aiskrimu, akauweka kwa madonge ya mviringo, wala haubani. Ukibanwa, rojo huteleza pembeni likatuama kwenye sahani.

Kwa kuwa wali hauna chumvi, chumvi ya mlo mzima huangukia rojo, na hapo ndipo ufundi ulipo. Rojo huanzwa mapema, kabla wateja hawajafika. Mafuta hupashwa kwa moto wa chini, unga wa ngano ukanyunyizwa, na mwiko ukaanza kuzunguka bila kupumzika. Mwanzoni unga hunuka ubichi. Baadaye hunukia kama karanga zinazokaangwa, na rangi hugeuka kutoka manjano hafifu hadi kahawia. Mwenye haraka huongeza moto, unga ukaungua kwa chini huku juu ungali mbichi, na uchungu huo hauondoki hata ukiongezewa nini. Mpishi mzuri huongozwa na pua. Harufu ikifika inapotakiwa, humimina supu ya mifupa ya ng'ombe, upawa baada ya upawa, akikoroga kila mara mpaka unga umeze maji yote ndipo aongeze tena, ili mabonge yasipate nafasi. Kisha huliacha litokote taratibu, akilichungulia, akiengua utando unaoganda juu. Wengi humalizia kwa sosi ya soya kidogo, inayotia chumvi na kuongeza weusi kwa pamoja. Wapo wanaotumia unga wa pakiti. Ulimi huugundua kwa kijiko cha kwanza.

Uzito wake hupimwa kwa mgongo wa kijiko. Rojo lifunike kijiko, na ukipitisha kidole njia ibaki wazi. Likiwa jepesi zaidi ya hapo litazamisha wali. Likiwa zito zaidi litakaa juu kama blanketi, na mlaji atakula wali mkavu chini yake.

Inasimuliwa kwamba chakula hiki kilizaliwa Hilo mwaka 1949, katika mkahawa wa Lincoln Grill wa Richard na Nancy Inouye. Vijana wa timu ya mtaani walitaka kitu cha bei nafuu, cha haraka, ambacho si sandwichi tena. Wakapewa wali, nyama na rojo; yai lilikuja baadaye. Mji huohuo una Cafe 100, iliyofunguliwa mwaka 1946 na Richard Miyashiro, askari mstaafu wa Kikosi cha 100 cha wanajeshi wa Kimarekani wenye asili ya Kijapani, kikosi kilichoupa mkahawa jina. Tsunami ya Aprili mwaka huo iliubomoa, ukajengwa upya. Tsunami ya 1960 ikaubomoa tena, ukajengwa tena, na mpaka leo loco moco ndiyo inayoupa sifa.

Nyama nayo ina mizungu yake. Hubanwa mara moja tu, inapogusa bamba la chuma lenye moto mkali, ili upande wa chini ushike ukoko. Ikishageuzwa, haibanwi tena kwa mwiko, maana kila mbano humwaga majimaji yake motoni. Ukoko huo huleta ukavu katika sahani iliyo laini. Yai huvunjwa pembeni wakati nyama inakaribia, ute uive mpaka kingo zikakamae, kiini kibaki kimiminika. Wengine hulitandaza yai juu ya nyama kisha wakamwaga rojo. Mimi nasimama na wanaoweka yai mwisho: kiini kikipasuliwa hushuka ndani ya rojo, kikalainisha chumvi yake, na kingo zilizokakamaa hazijaloweshwa.

Kando ya wali hukaa makaroni baridi ya mayonezi, na hayo pia hayastahili dharau. Huchemshwa kupita kiasi ambacho Mwitaliano angekubali, mpaka yavimbe na kulegea, kwa sababu makaroni magumu hayanywi kitu. Yakiwa bado ya moto hutiwa siki na karoti iliyoparuzwa, yakaachwa yanyonye. Mayonezi huja yakishapoa, kisha huongezwa mengine baadaye, yale ya kwanza yakishazama. Kazi yake ni ubaridi na uchachu. Baada ya tonge tatu nne za nyama na rojo, mdomo huyatafuta wenyewe.

Mezani utakuta chupa ya maji ya pilipili: pilipili ndogo za Hawaii zilizolowekwa kwenye maji yenye chumvi na kitunguu saumu, mara nyingi na siki kidogo. Ni mepesi kama maji ya kunywa, na makali yake hupenya rojo bila kulipunguza uzito. Yatie kwenye wali, upande ambao rojo limefika, na uliache yai kama mpishi alivyoliweka.