Fomu ya P3: Jeraha Likisomwa Kishazi kwa Kishazi

Fomu ya P3 ya polisi wa Kenya haina mwandishi anayetajwa, na sidhani kuna anayeisoma kwa raha. Lakini ina mpangilio, na mpangilio huo unastahili kuhakikiwa. Askari huanza kwa kujaza jina la aliyeumizwa na maelezo mafupi ya kisa. Kisha daktari hupokea kalamu, naye huongozwa kutoka nje kwenda ndani: hali ya nguo kwanza, halafu kichwa na shingo, kifua na tumbo, mikono, miguu. Huulizwa umri wa majeraha, aina ya silaha, matibabu yaliyokwisha kutolewa. Mwishowe hutakiwa kukadiria kiwango: ni dhara tu, au ni dhara kubwa? Hapo ndipo matini inapobadili sauti.

Tuisikilize kwanza sauti ya daktari. Tuseme ameandika: “Mpasuko wa sentimita 4 juu ya nyusi ya kushoto, kingo zimechanika na kuchubuka, ndani, nyuzi za tishu zingali zimeshika pande zote mbili.” Hakuna neno la huruma wala la hasira. Ngozi ya nyusi imelala karibu kabisa na mfupa, hivyo ikipigwa rungu huweza kupasuka kwa mstari ulionyooka, mtu akaapa ni kisu. Kinachokata shauri ni zile nyuzi. Makali ya panga hukata kila kinachokutana nayo, vimishipa na neva pamoja. Kitu butu huponda na kurarua, kikabakiza baadhi. Kwa hiyo kishazi cha tatu, kinachoonekana kama nyongeza tu, ndicho kinachobeba sentensi nzima.

Linganisha na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni, anayeandika “mkato mkubwa usoni”. “Mkubwa” halipimi chochote. “Mkato” ni kosa zito zaidi, maana mlalamishi amesema alipigwa rungu, na sasa fomu inamtaja mwenye kisu. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo.

Swali la umri wa jeraha nalo linadai uhakika ambao mwili hautoi. Pale damu ilipovilia chini ya ngozi, rangi ya manjano haitarajiwi kabla ya saa 18 hivi, lakini baada ya hapo rangi hazifuati ratiba, na kwenye ngozi nyeusi huwa ngumu kuziona. Nafasi ya kujaza ni fupi mno kwa tahadhari zote hizo. Ufupi wenyewe humsukuma mtu kubahatisha.

Sasa sauti ya sheria. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu kinafafanua jeraha kuwa mkato au tundu linalopasua utando wa nje wa mwili, kisha kinaongeza kwamba utando ni wa nje iwapo unaweza kuguswa bila kupasua utando mwingine. Ni ufafanuzi wa ajabu, na mimi naupenda: upande wa ndani wa shavu unakuwa nje, ilhali mfupa uliovunjika chini ya ngozi nzima si jeraha hata kidogo. Mfupa huo utahesabiwa kama dhara, neno pana linaloingiza hata maradhi, ya kudumu au ya kupita.

Dhara kubwa ndilo lenye mtego. Ufafanuzi wake umejaa kudumu na kuelekea: kuharibu afya kwa kudumu, au kuelekea kuiharibu hivyo, sura iliyoharibika moja kwa moja. Daktari alikuwa akieleza alichokiona mezani. Ghafla anaombwa aseme kitakachokuwa. Na pengo ni pana. Kifungu cha 251, cha shambulio lenye kuumiza mwili, kinafikia kifungo cha miaka 5. Cha 234, cha dhara kubwa, kinafikia maisha. Hakimu hafungwi na kauli ya daktari, lakini kauli hiyo huwa imeshatangulia hadi kwenye hati ya mashtaka.

Jicho lililovimba siku ya pili halijasema kama litaona. Daktari anayeandika kwamba mgonjwa arudi kuchunguzwa kabla kiwango hakijakadiriwa ameandika, kwa maoni yangu, jibu bora kuliko lolote kati ya yale anayopewa achague, ingawa fomu haikumtengea mstari wa kuliandika.