Mizani ya Semina Njema

Mtu atakaye kuitambua semina njema ya chuo kikuu, yaani darasa la wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza wanaoketi na mwalimu wao kulichambua jambo moja muhula mzima, asitosheke na orodha ya vitabu wala umashuhuri wa mwalimu, kwa kuwa viwili hivyo hujulikana kabla darasa halijaanza, na havimwambii lolote juu ya yatakayojiri humo. Na aombe ruhusa ya kuketi pembeni, anyamaze, na kabla ya yote atazame ni kitu gani kilichowekwa baina ya wale watu, na kama kitu hicho kina uwezo wa kumkatalia msemaji.

Asili ya semina inalidhihirisha jambo hili. Mjini Berlin, katika karne ya 19, mwanahistoria Leopold von Ranke alikuwa akiwakusanya wanafunzi wachache nyumbani kwake, si kuwahutubia, bali kuwatia mikononi tarikhi za Enzi za Kati na kuwataka wapambanue habari iliyoandikwa na shahidi na ile iliyonakiliwa na mtu aliyesikia tu. Mtindo huo ukavuka bahari hadi Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilichofunguliwa mwaka 1876, lakini kwa muda mrefu ulikuwa aghalabu fungu la waliokwisha kuhitimu, na wadogo zao wakaachiwa mihadhara; hata mwaka 1959 Harvard ilipoanzisha semina za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wapo walioliona jambo hilo kuwa israfu.

Basi katika semina ya historia, tega sikio mwanafunzi anaposema kwamba mtawala fulani alikuwa dhalimu. Mwalimu hodari hamjibu ndiyo wala siyo. Humwuliza ni waraka upi unaosema hivyo, na aliyeuandika alikuwa na maslahi gani, kisha hungoja. Mwalimu dhaifu husema, "Vyema sana, nani mwingine?"

Hisabati ina hakimu mkali zaidi. Robert Lee Moore, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Texas tangu 1920 hata 1969, aliwakataza wanafunzi wake kufungua kitabu au kusaidiana. Aliwapa misingi na madai, na kila mmoja akaja ubaoni na uthibitisho wake mwenyewe, ilhali wenzake wakiutafuta mwanya ulipo. Hila yake bora ilikuwa kuwaita kwanza wale waliokuwa nyuma, ili wepesi wa akili wasiwapore wenzao furaha ya kuvumbua, na sijui kipimo cha insafu darasani kilicho rahisi kuonekana kuliko hicho: nani huitwa kwanza? Lakini Moore huyu huyu alikataa kuwafundisha wanafunzi weusi, na anayemsifu kwa ustadi wake hana budi kulitaja na hilo.

Katika sayansi za viumbe sina mengi ya kusema. Wakisoma makala moja ya utafiti, wakaichunguza michoro ya vipimo kabla ya kusoma hitimisho la mwandishi, na wakaulizana ni tokeo gani lingaliivunja hoja yake, wamo njiani.

Fasihi na falsafa ndizo huharibika upesi, maana shairi haliwezi kumpinga mtu kwa sauti kama lifanyavyo kosa la hesabu, na msemaji fasaha huweza kuelea saa nzima bila kurudi kwenye matini. Hapa alama ni ya macho: vitabu vimefunguka, vidole viko juu ya mistari, na kila baada ya kitambo mtu husoma tena kwa sauti. Katika chuo cha St. John's, kule Annapolis, ambacho tangu mwaka 1937 kimeyajenga masomo yake juu ya vitabu vikuu, semina hufanywa usiku, Jumatatu na Alhamisi, chini ya walimu wawili, na mmoja wao huianza kwa swali. Uwili huo una hekima, kwa sababu mwenye elimu akiwa na mwenziwe ubavuni huona haya kugeuza mazungumzo kuwa hotuba. Lipime pia swali lenyewe: likiwa na jibu ambalo mwalimu amelihifadhi mfukoni, wanafunzi hulitambua mara moja, nao huacha kufikiri wakaanza kubahatisha.

Usihadaike na kelele. Mazungumzo yasiyokatika huweza kuwa dalili kwamba kila mtu alikuja na lake na anangoja zamu, ilhali kimya kirefu baada ya swali zito ni mali, na mwalimu anayekivumilia ni adimu. Meza ya mviringo nayo haina karama. Ama idadi, zaidi ya ishirini mimi naita mhadhara wenye maswali, na chini ya sita wachovu hawana pa kupumzikia.

Ukijaliwa kuhudhuria mara mbili, chagua wiki ya tatu na wiki ya kumi. Katika ile ya tatu wanafunzi, wakiisha kusema, humtazama mwalimu usoni kutafuta idhini. Katika ile ya kumi angalia ni wangapi wanaomgeukia mwenzao aliyewapinga, na ni wangapi wanaorudi kwanza kwenye ukurasa.