Jasho la Nani? Mapenzi na Kazi katika Filamu ya The African Queen

Utangulizi

Filamu ya The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kutolewa mwaka 1951, huhesabiwa miongoni mwa filamu bora za mapenzi zilizopata kutoka Hollywood. Humphrey Bogart alitunukiwa tuzo yake ya pekee ya Oscar kwa kumwigiza Charlie Allnut, nahodha na fundi wa mashua ya mvuke. Naye Katharine Hepburn akamwigiza Rose Sayer, dada wa mmishenari wa Kiingereza. Wahakiki wengi wameisifu kwa uigizaji wa wawili hao, kwa ucheshi wake, na kwa uzuri wa mandhari ambayo mpiga picha Jack Cardiff aliinasa nchini Kongo na Uganda. Makala haya hayapingi sifa hizo. Yanakusudia tu kuitazama filamu kutoka nafasi ya mtazamaji ambaye waliyoitengeneza hawakumdhamiria: mtazamaji wa Uriri, katika Kaunti ya Migori. Mtazamaji huyo si mtu mmoja mwenye jina. Ni mahali pa kutazamia.

Mahali penyewe pana uzito wake. Filamu inapoanza, maandishi kwenye pazia humwarifu mtazamaji kuwa yupo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, Septemba 1914. Kwa mtazamaji wa Chicago au London, hiyo ni tarehe ya kufungulia hadithi. Kwa wa Uriri, huo ni mwezi ambao kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka, kikaingia Kisii na kupigana na Waingereza tarehe 12. Ni mwezi huohuo ambao meli za Waingereza, Winifred na Kavirondo, zilikabiliana na Muansa ya Wajerumani huko Karungu. Uriri iko kati ya mpaka na Kisii. Karungu nayo ni ghuba ya ziwa katika kaunti iyo hiyo. Vita vya vyombo vya majini kwake, basi, si ngano ya nchi za mbali.

Mapenzi yanayojengwa kwa kazi

Kinachoitofautisha filamu hii na nyingi za aina yake ni kwamba wapenzi wake si vijana, si warembo wa kupigiwa mfano, wala si matajiri. Allnut ni mlevi asiyenyoa ndevu, ambaye tumbo lake hunguruma mezani wakati wa chai. Rose ni mwanamke wa makamo aliyeuzoea ukali wa nidhamu ya kanisa, na hasiti kuzimwaga mtoni chupa zote za pombe za mwenzake. Watu hawa hawapendani kwa kutazamana machoni. Wanapendana kwa kufanya kazi pamoja.

Ushahidi wa jambo hili umetapakaa katika msuko mzima. Baada ya kuyapita maporomoko ya kwanza, Rose anagundua furaha ya mwili wake mwenyewe akiwa ameshika usukani. Shafti inapopinda na rafadha kuvunjika, Allnut anapiga mbizi na Rose anazama pamoja naye. Kisha wanawasha moto ukingoni na kukiunga chuma kilichovunjika. Katika matete ambako mto unapotea, Allnut anaingia majini na kuikokota mashua kwa kamba. Anatoka akiwa amegandwa na miruba mwili mzima, akitetemeka kwa karaha, na baada ya muda anarudi majini kwa hiari yake, kwa sababu hakuna njia nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tendo hilo la kurudi majini ndilo tamko la mapenzi lenye nguvu kuliko yote katika filamu, na halina hata neno moja.

Mtazamaji wa Uriri, ambaye anaishi miongoni mwa wakulima wa miwa na anajua maana ya kufyeka, kubeba na kupakia juani, hahitaji kufunzwa kuisoma lugha hiyo. Mapenzi yanayopimwa kwa uvumilivu wa kazi si mageni kwake. Hapa filamu inavuka mipaka ya utamaduni wake na kumfikia bila mkalimani.

Watu wanaoondolewa

Hata hivyo, mtazamaji huyo anaikumbuka pia sehemu ya kwanza, ambayo wengi huisahau upesi. Filamu inafunguka kanisani, katika kijiji cha Kungdu, ambamo wanakijiji wanaimba wimbo wa ibada wasioumudu, na Allnut anapotupa kipande cha biri wanakigombania. Huo ni usawiri wa kufanyia mzaha. Kisha Wajerumani wanafika, wanakiteketeza kijiji na kuwaswaga wakazi wake. Allnut anaeleza kwa maneno machache kwamba wanakusanywa ili watumikishwe jeshini. Ndugu yake Rose anapigwa, anapatwa na homa na kufa. Yeye anazikwa na kuliliwa. Wanakijiji hawaulizwi tena.

Kuanzia hapo Waafrika huonekana kwa mbali tu, kama askari wa ngome wanaoifyatulia mashua risasi. Mto unabaki na viboko, mamba, mbu na wapenzi wawili. Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975 kuhusu Joseph Conrad, alilalamikia fasihi inayoigeuza Afrika kuwa mandhari iliyoondolewa binadamu wake. Filamu ya Huston inakwenda hatua moja zaidi, kwani inauonyesha uondoaji wenyewe ukitendeka. Upweke unaowawezesha Rose na Charlie kupendana umepatikana kwa kijiji kuchomwa moto.

Jasho lililohamishwa

Filamu inatokana na riwaya ya C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935, na riwaya yenyewe inasadikiwa kuchota katika tukio la kweli. Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha motaboti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini hadi Ziwa Tanganyika. Zilipandishwa milima ya Mitumba nchini Kongo kwa matrekta ya mvuke, kwa maksai na kwa mikono ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Upande wa pili, meli ya Wajerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande na kuunganishwa upya Kigoma. Ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hakuna chombo katika vita hivyo kilichofika ziwani bila migongo ya watu.

Ulinganisho wa miisho miwili unafichua mengi. Katika riwaya, mashua ya Rose na Charlie inazama dhorubani bila kuidhuru meli ya adui, na ni motaboti za Waingereza zinazokuja kuizamisha. Katika filamu, motaboti hizo hazipo kabisa. Wapenzi wanafungishwa ndoa na nahodha wa Kijerumani wakiwa wanangoja kunyongwa, na meli yake inalipuliwa na topedo walizoziunda wenyewe. Hivyo filamu inakifuta hata kile kidokezo kidogo cha safari iliyobebwa na wengine. Kukokota, kubeba, kuumwa na wadudu, kuugua homa na kurudi tena majini: yote yaliyokuwa fungu la wapagazi yamehamishiwa kwenye miili miwili ya Kizungu, na yakiwa huko yanaitwa mapenzi.

Fungu hilo halikuwa dogo. Inakadiriwa kuwa wapagazi karibu milioni moja walitumikishwa upande wa Waingereza, na zaidi ya 90,000 wakafa, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo. Nyanza ilitoa idadi kubwa yao. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, lakini majina ya watu wenyewe kwa sehemu kubwa hayakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa wafu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au huenda hawakukumbukwa kabisa. Punda afe, mzigo ufike.

Pingamizi na jibu lake

Yaweza kupingwa kuwa huku ni kuidai filamu deni isilokopa: hii ni hadithi ya watu wawili katika mashua moja, si kitabu cha historia. Pingamizi hilo lina haki yake, na lingetosha iwapo filamu ingeanzia mtoni. Lakini haikuanzia mtoni, ilianzia kijijini. Ni filamu yenyewe iliyowaonyesha watu wakiswagwa, ikalifungua swali la waendako, kisha ikaliacha wazi. Fasihi ya Kiswahili imewahi kulijibu swali la aina hii. Katika Kuli ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, mzigo una mbebaji, na mbebaji ana jina, nyumba na mama.

Hitimisho

The African Queen haistahili kutupwa. Inasema kweli kuhusu mapenzi: kwamba huthibitishwa na kile ambacho mtu yuko tayari kukibeba kwa ajili ya mwenzake. Udhaifu wake ni kuitenga kweli hiyo kwa wawili. Waliotolewa Kungdu nao walikuwa na waliowapenda, na waliobeba mizigo ya vita hivyo waliacha wake na akina mama waliongoja. Mtazamaji wa Uriri anapomwona Allnut akirudi majini penye miruba, anamhurumia kwa dhati. Na katika huruma iyo hiyo anawaona wengine walioingia majini kama yeye, ambao hakuna aliyewangoja ukingoni na kamera.