Kiromani na Kingwana: Nani Hutaja Lugha?

Jina la lugha aghalabu huchukuliwa kuwa kibandiko tu. Hata hivyo, lipo swali linalotangulia maana yake: ni nani aliyelitoa? Maneno mawili, Kiromani na Kingwana, yanatosha kulionyesha hilo.

Wasemaji wa Kiromani hujiita Roma, na umoja wake, rom, maana yake ni mwanamume au mume. Lugha yao huiita romani chib, yaani ulimi wa Kiroma. Umbo romanes, ambalo vitabu kadhaa vya Kijerumani hulitumia kama jina, kwa asili ni kielezi: kusema romanes ni kusema kwa namna ya Waroma. Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo, kwani kiambishi ki- hufanya kazi hizo zote mbili: mtu huvaa kizungu na husema Kizungu. Kwa hiyo Kiromani ni umbo lililoundwa vyema. Lisichanganywe tu na Kiromania, lugha ya nchi ya Romania iliyotokana na Kilatini. Kiromani asili yake ni Bara Hindi. Umbo kama Kigipsi, kwa upande mwingine, lingerithi kosa la Waingereza waliodhani watu hao walitoka Misri. Mkutano wa Waroma uliofanyika karibu na London mwezi wa Aprili 1971 uliyakataa majina ya namna hiyo.

Kingwana kina kisa kinachokaribiana na hicho, lakini chenye kinaya zaidi. Shina lake ni mwungwana, mtu huru, kinyume cha mtumwa. Katika misafara ya karne ya 19 iliyovuka Ziwa Tanganyika kuelekea Kasongo na Nyangwe, waliojiita Waungwana walikuwamo wengi wenye asili ya utumwa, waliolitwaa jina hilo pamoja na dini na mavazi ya pwani. Lilikuwa dai la heshima. Wamisionari na maofisa Wabelgiji walipolipokea, walilifanya jina la lahaja; kitabu cha akina Whitehead cha mwaka 1928 kinaitwa Manuel de Kingwana. Tangu hapo neno la uungwana likaanza kutajwa kama upungufu: Kiswahili kisicho bora.

Udhaifu wa istilahi hiyo waonekana wazi Mboko, ufukweni mwa ziwa, katika wilaya ya Fizi. Mbembe wa huko huita lugha yake Ebembe. Anapozungumza na mgeni kutoka Uvira au Kigoma, husema Kiswahili, na hivyo ndivyo anavyokiita. Katiba ya mwaka 2006 nayo yataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, wala haitaji Kingwana. Wengi wa Fizi walikimbilia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kuambiwa huko kwamba kinachosemwa si Kiswahili bali Kingwana ni kumnyang'anya mkimbizi kitu cha mwisho alichovuka nacho.

Yafaa basi Kingwana kibaki katika historia, na wanaisimu waseme Kiswahili cha Fizi, cha Bukavu au cha Lubumbashi. Tofauti za lahaja zitachunguzwa vilevile, ila mtajwa hatakuwa amehukumiwa kabla hajasikilizwa.