Ng'hoboko kwa Herufi Moja Kubwa

Kubadili herufi kubwa kuwa ndogo ni kazi inayodharauliwa, nami naiheshimu tangu nilipomtazama kijana mmoja hapa Somanda, katika duka la kuchapa barua, akisafisha orodha ya majina iliyoletwa yote kwa herufi kubwa. Aliiamuru programu ibakize kubwa moja mwanzoni mwa kila neno. Wengi wangechapa hapohapo. Yeye akapitia mstari kwa mstari, akaikuta kata ya Ng'hoboko, wilayani Meatu, imekuwa Ng'Hoboko, H imejitutumua katikati ya jina kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Akaiandika upya amri yake.

Kwa mashine, hesabu ni nyepesi: katika ASCII, mfumo wa kuzipa herufi namba, A ni 65 na a ni 97, na tofauti hiyo ya 32 ni ileile hadi Z. Ugumu uko kwenye kujua neno linaanzia wapi. Amri ya title ya Python, lugha ya kuandikia programu, sawa na PROPER ya Excel, huichukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno. O'Brien wa Ireland hutoka salama. Lakini ritifaa yetu haitenganishi kitu. Msukuma akitamka Ng'hoboko, pumzi hupita puani pamoja na hiyo h. Ukikata hapo umelivunja jina.

Makarani wa pamba niliowakuta utotoni wasingekubali. Usukuma ulikuwa umepigania mizani yake ya pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana chini ya kiongozi wao, Paul Bomani, na jina kwenye stakabadhi lilikuwa fedha ya mtu. Karani alichovya kalamu, akauliza, "Ng'wana nani?", yaani mwana wa nani, akasubiri, akamwomba mzee arudie. Kisha N moja kubwa, iliyonyooka, na herufi nyingine zikaifuata kwa adabu. Mzee asiyejua kusoma aliliangalia jina lake kwa muda mrefu kabla ya kuikunja karatasi.

Siku hizi nasoma Ng'Wana kwenye kadi za harusi, kwenye vyeti, hata kwenye matangazo ya misiba, na hakuna anayerudisha karatasi. Nayo Python hiyohiyo ina capwords, inayokata penye nafasi tu na kuiacha ritifaa ilivyo. Imo humo miaka yote. Wanaoiita ni wachache mno.